Kabureta Mbili, Tatu au Moja? Hadithi ya Injini ya Datsun 240Z

Leo naweka kando habari za programu na seva, nazungumzia chuma na petroli. Najua kuna watakaouliza: mtu wa kompyuta na kabureta, wapi na wapi? Subirini kidogo. Kabureta ni kifaa kinachopokea taarifa (dereva anataka nguvu kiasi gani, injini inavuta hewa kiasi gani), kinapiga hesabu, halafu kinatoa jibu: tone hili la petroli, si zaidi wala pungufu. Kinafanya hivyo maelfu ya mara kwa dakika, bila waya hata mmoja. Kama hiyo si kompyuta, basi sijui tuite nini.

Nimechagua injini moja tu ili tusipotee njiani. Ni injini ya silinda sita iitwayo L24, iliyokaa ndani ya Datsun 240Z. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni injini ya silinda sita ambayo watu wameibadilishia kabureta kwa bidii sana, kuanzia California hadi Japani. Pili, ni injini yetu pia. Jina lake lilijengwa kwenye vumbi na tope la Afrika Mashariki.

Ilikotoka

Nissan ilitangaza gari hili mwezi Oktoba mwaka 1969. Nyumbani Japani liliitwa Fairlady Z. Marekani, ambako Yutaka Katayama alikuwa akiongoza biashara ya Nissan, liliuzwa kama Datsun 240Z kwa dola 3,526. Kwa bei hiyo mtu alipata gari la michezo lenye silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na nguvu za farasi 151.

Sasa chukueni kikokotoo. Kabla ya L24, Nissan ilikuwa na injini ya silinda nne iitwayo L16, iliyokuwa ndani ya Datsun 1600. Upana wa kila silinda ulikuwa milimita 83, na pistoni ilisafiri milimita 73.7. Ujazo wote ulikuwa 1,595. Gawa kwa nne, kisha zidisha kwa sita. Utapata 2,392 na ushee. Naam, L24 ina silinda za vipimo vile vile, ila zimeongezwa mbili. Sisi watu wa programu tunaijua tabia hii: ukishaandika kitu kinachofanya kazi, hukiandiki upya, unakiita mara sita badala ya mara nne.

Na kitu hicho kilifanya kazi kweli. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiendesha Datsun 1600 SSS, ile ya silinda nne. Mwaka 1971 watu hao hao wawili walishinda tena, safari hii wakiwa na 240Z, huku Shekhar Mehta akishika nafasi ya pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1972 Hannu Mikkola alilichukua kombe kwa Ford Escort. Halafu mwaka 1973 yakatokea mambo. Mehta, mzaliwa wa Uganda, na mwenzake Lofty Drews walimaliza wakiwa sawasawa kwa adhabu na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800. Ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikuwa amekwenda umbali mrefu zaidi bila kuadhibiwa. Hiyo ndiyo 240Z iliyobaki vichwani mwa wazee wetu.

Fundi viatu na kabureta

Magari ya 240Z ya kuuzwa madukani yalitoka kiwandani na kabureta mbili zilizotengenezwa na Hitachi, zenye koo la milimita 46. Lakini mfumo wake haukuwa wa Kijapani. Ulikuwa wa Kiingereza, wenye jina la SU.

SU ni kifupi cha maneno yenye maana ya Muungano wa akina Skinner. George Herbert Skinner alitoka katika familia iliyofanya biashara ya viatu mjini London, iliyojulikana kama Lilley & Skinner. Mnamo mwaka 1905 aliomba hataza ya kabureta yake, na mwaka 1910 kampuni ikaundwa yeye na nduguye Carlyle wakiwamo. Kabureta zao za mwanzo zilikuwa na mfuko wa ngozi uliokunjuka na kukunjika kama mvukuto wa mhunzi. Mtoto wa muuza viatu, angetumia nini kama si ngozi? Baadaye ngozi iliondolewa, ikawekwa pistoni ya chuma. Mwaka 1926 William Morris, yule wa magari ya Morris, akainunua kampuni.

Wazo la Skinner ni zuri kiasi kwamba inafaa nilieleze polepole.

Kabureta yoyote inatumia kanuni aliyoiandika Bernoulli mwaka 1738 na ambayo Venturi aliifanyia majaribio na kuyachapisha mwaka 1797. Hewa ikipita mahali pembamba, inaongeza mwendo na shinikizo lake linashuka. Weka mrija wa petroli mahali hapo, na petroli itavutwa yenyewe. Shida ni kwamba injini haivuti hewa kwa kiasi kimoja. Ikiwa inanguruma tu kwenye foleni inavuta kidogo, ikipanda mlima inavuta nyingi mno. Koo jembamba linafaa kwa mwendo mdogo lakini linaikaba injini kwenye mwendo mkubwa. Koo pana linafaa kwa mwendo mkubwa lakini kwa mwendo mdogo hewa inazubaa, petroli haivutwi vizuri.

Skinner alisema: basi koo lijipanue lenyewe. Ndani ya kabureta ya SU kuna pistoni inayopanda na kushuka kufuatana na hewa inayovutwa. Hewa ikiwa nyingi pistoni inapanda, koo linapanuka. Hewa ikipungua pistoni inashuka. Chini ya pistoni imening'inia sindano iliyochongoka, ikiingia ndani ya tundu la petroli. Pistoni ikipanda sindano inapanda nayo, na kwa kuwa imechongoka, nafasi ya petroli kupita inaongezeka.

Wenzangu wa programu, hiyo sindano ni jedwali! Watengenezaji huieleza kwa kutoa kipenyo chake kila baada ya sehemu ya nane ya inchi, kutoka juu hadi kwenye ncha. Ukitaka injini ipate petroli zaidi kwenye mwendo wa kati, unatafuta sindano nyingine iliyo nyembamba zaidi kwenye vituo vya kati. Umebadilisha tarakimu chache kwenye jedwali, programu iliyobaki ni ile ile. Juu ya pistoni kuna kikombe kidogo cha oili kinachoizuia isipande kwa pupa. Oili hiyo ikikauka, ukikanyaga mafuta ghafla gari linakwama kidogo kabla ya kuondoka. Watu wamebadilisha kabureta nzima kwa sababu ya ukosefu wa kijiko kimoja cha oili.

Zamu ya kuwaka

Kwa nini mbili, na si moja au sita? Hapa ndipo injini ya silinda sita inapopendeza.

Silinda za L24 zinawaka kwa zamu hii: 1, 5, 3, 6, 2, 4. Kabureta ya mbele inalisha silinda 1, 2 na 3. Ya nyuma inalisha 4, 5 na 6. Isomeni tena ile zamu: mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kila kabureta inaombwa hewa, kisha inapumzika wakati mwenzake anaombwa. Ni kama seva mbili zinazopokea maombi kwa zamu, hakuna inayolemewa. Isitoshe, silinda tatu zinazotumia kabureta moja zinaachana kwa nyuzi 240 za mzunguko, na kila moja inavuta hewa kwa takriban muda huo huo. Moja ikimaliza, nyingine inaanza. Mkondo wa hewa ndani ya kabureta hausimami karibu wakati wote, na pistoni ya SU inapenda mkondo usiosimama.

Kwa hiyo zile kabureta mbili hazikuwekwa kwa urembo. Mtu alikaa akafikiri. Tulishike hilo kabla hatujaanza kuzing'oa.

Sheria inabadilisha kabureta

Badiliko kubwa la kwanza halikuletwa na vijana wa mbio, lililetwa na sheria. Mwisho wa mwaka 1970 Marekani ilirekebisha Sheria ya Hewa Safi na kudai gesi chafu za magari mapya zipunguzwe kwa asilimia 90 katika miaka michache. Viwanda vikahangaika. Jaguar, ambayo E-Type yake ya silinda sita ilikuwa na SU tatu, ilikuwa tayari imewapunguzia wanunuzi wa Marekani hadi kabureta mbili za Stromberg tangu 1968.

Nissan nayo, kwa magari ya Marekani ya mwaka wa modeli 1973, iliziondoa kabureta za zamani zenye vichwa vya mviringo na kuweka mpya zenye vichwa bapa. Zilikuwa na vali na njia nyingi za kupunguza moshi. Zilikuwa pia na tabia mbaya: injini ikipata moto, petroli ilichemka ndani yake, gari likakohoa na kukataa kuwaka. L24 ilisaidia kulizidisha tatizo, maana hewa inaingilia upande ule ule ambao moshi unatokea. Kabureta zimekaa juu kabisa ya bomba la eksozi lenye moto. Ni sawa na kuweka mtungi wa maziwa juu ya jiko na kushangaa yakichemka.

Wamarekani walifanya nini? Walikwenda kwenye makaburi ya magari kutafuta kabureta za 1970 hadi 1972, wakang'oa bapa na kurudisha za mviringo. Huo ni ubadilishaji maarufu sana katika historia ya gari hili, na ona kwamba ulikuwa wa kurudi nyuma. Sisi huuita kurejesha toleo la awali. Hata 260Z ya mwaka 1974, yenye injini kubwa zaidi kidogo, ilitoka na zile bapa na ikafanyiwa hivyo hivyo.

Lakini tusiwacheke wahandisi waliozitengeneza. Walipewa mtihani mgumu na muda mfupi. Hewa ya Los Angeles miaka hiyo ilikuwa ikiwatoa watu machozi, na sheria ile ndiyo iliyolazimisha teknolojia iliyokuja baadaye. Kabureta bapa ilikuwa kiraka cha dharura. Sote tumewahi kuandika kiraka cha dharura.

Weber tatu

Njia ya pili ya kubadilisha ilitoka Italia. Edoardo Weber alianzisha kiwanda chake mjini Bologna mwaka 1923. Mwaka 1945, vita vilipokuwa vikiisha, alitoweka na hakuonekana tena. Fiat ikakichukua kiwanda, na katika miaka ya 1950 ikatoka kabureta ya kulala ubavu iitwayo DCOE, yenye makoo mawili katika mwili mmoja. Miaka mingi baadaye utengenezaji ulihamia Uhispania.

Ukifunga DCOE tatu kwenye L24 unapata makoo sita. Kila silinda ina koo lake, haigawani na jirani. Sauti yake ukiisikia hutaisahau, na kwa macho hakuna kitu kizuri zaidi chini ya boneti. Ndiyo maana vijana wengi wakipata 240Z jambo la kwanza wanalofikiria ni Weber tatu.

Tofauti na SU, koo la Weber halijipanui. Limekatwa kipimo kimoja. Kazi ambayo SU inaifanya kwa pistoni na sindano, Weber inaifanya kwa vipande vingi vidogo vya shaba: jeti ya mafuta, jeti ya hewa, bomba la kuchanganyia, jeti ya mwendo wa polepole, pampu ya kuchapuza. Kila kimoja kina namba yake, na unahitaji sita sita. SU ni programu inayojirekebisha, Weber ni faili la mipangilio lenye mistari mingi ambayo lazima uijaze wewe mwenyewe. Ukiijaza vizuri, raha tupu. Ukiijaza kwa kubahatisha, utaambiwa na mfuko wako kituoni.

Swali la kweli ni hili: Weber tatu zinaongeza hewa kiasi gani? Nilikaa jioni moja nikapiga hesabu. Ikizunguka mara 5,600 kwa dakika, injini ya lita 2.4 inaweza kumeza takriban lita 6,700 za hewa kwa dakika. Katika mfumo wa SU, nusu ya hewa hiyo inapita koo moja la milimita 46, ambalo eneo lake ni sentimita za mraba 16.6. Kwa kuwa silinda tatu zinapokezana, silinda inayovuta wakati huo ina koo lote hilo peke yake. Katika Weber ya milimita 40 iliyofungwa koo la milimita 34, silinda hiyo ina sentimita za mraba 9.1 tu. Nilirudia hesabu mara mbili. Tundu moja la SU ni pana karibu mara mbili ya tundu ambalo silinda inapata kwenye Weber!

Hesabu hii haisemi yote. Koo la SU lina pistoni na kizingiti chake ndani, na hewa yake inapinda kona kwenye manifoldi kabla ya kuifikia silinda. Weber inatoa njia fupi iliyonyooka, na ukiweka kamshafti kali ya mashindano, kule kugawana hewa kwa silinda tatu kunaleta vurugu ambayo Weber haina. Gari la mbio linazihitaji. Lakini kwa injini ya kiwandani, yenye kamshafti ya kiwandani, inayopeleka watu kazini, hewa haijawahi kuwa tatizo.

Mlima unaingilia hesabu

Sasa turudi nyumbani, maana vitabu vya kabureta huandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari.

Kabureta inapima ujazo wa hewa. Moto ndani ya silinda unajali uzani wa hewa. Mombasa vitu hivyo viwili vinakwenda sambamba na vitabu. Nairobi, takriban mita 1,700 juu, hewa ina uzani wa karibu asilimia 85 tu ya ile ya pwani. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, inashuka hadi kama asilimia 76. Petroli inayovutwa haipungui kwa kiwango hicho hicho. Inapungua kwa kipeuo cha pili cha hesabu hiyo, yaani polepole zaidi. Matokeo ni mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko inavyotakiwa.

Kwa namba: funga kabureta Mombasa ili itoe sehemu 13 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzani. Ukifika Nairobi utakuwa na 12. Timboroa itakuwa kama 11.4, plagi zimeanza kuwa nyeusi na moshi unaonekana kwenye kioo. Geuza safari: funga Nairobi ipate 13, teremka Mombasa, utapata 14 na kitu. Petroli imekuwa kidogo, na injini inayovuta mzigo kwenye joto la pwani ikiwa na petroli kidogo inapata moto zaidi. Huo ndio mtego. Afadhali plagi nyeusi kuliko pistoni iliyotoboka.

Fikirini basi mafundi wa Safari Rally, ambao gari lao lilitoka milimani hadi pwani na kurudi katika shindano moja. Hawakuwa wakitafuta kabureta kamilifu. Walitafuta kabureta isiyokosea sana popote.

SU haijui urefu wa mlima, ila ina nati moja chini yake. Kiwanda kiliagiza uipandishe hadi mwisho kisha uiteremshe mizunguko miwili na nusu. Kwa Nairobi unaipandisha kidogo kutoka hapo, kazi ya dakika moja kwa kabureta mbili. Kwenye Weber unanunua jeti sita.

Gari la binamu

Haya yote sikuyasoma kwa starehe tu. Binamu yangu alirithi 240Z kutoka kwa marehemu baba yake. Ilikuwa inakunywa petroli kama maji, haitulii kwenye foleni, na kwenye kona inatoa mlio kama mtu anayepiga chafya. Alipewa ushauri wa aina tatu. Gereji moja ilimwambia atupe SU, akate manifoldi, afunge kabureta moja ya pikapu ya silinda nne kwa sababu spea zake ziko kila duka. Rafiki yake akamwambia aagize Weber tatu. Mtu wa tatu alikuwa mnunuzi wa ng'ambo aliyesema ataichukua kama ilivyo, aipakie kwenye kontena siku hiyo hiyo. Shangazi, mama yake binamu, hakusema kitu. Alikuwa tu akilifuta vumbi kila Jumamosi kama alivyofanya mumewe.

Ushauri wa kwanza haukuwa wa kijinga. Spea ni hoja nzito katika nchi hii. Lakini kabureta moja katikati ya silinda sita maana yake silinda ya 1 na ya 6 ziko mbali na chakula, za katikati ziko karibu, na ile zamu ya mbele na nyuma tuliyoisifu inakufa.

Tulikwenda kwa fundi mzee ambaye vijana wa gereji kubwa hawamjui. Hakufungua kitu. Alichukua kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma.

"Kijana wangu," akaniambia, "hii injini haina ubaya. Inaibiwa."

"Inaibiwa nini, Mzee?"

"Hewa. Hawa wawili hawaimbi sauti moja. Huyu wa nyuma anavutia mlangoni na dirishani."

Alikuwa sahihi. Fito zinazoshika vilango vya hewa zilikuwa zimelika baada ya miaka 40 na zaidi, na hewa ilikuwa ikipenya pembeni bila kupimwa. Vikombe vya oili vilikuwa vikavu. Mtu wa mashine ya kukereza chuma, wa jua kali, alitengeneza bushi nne za shaba kwa vipimo alivyopewa. Gasketi mpya, oili, nati zikapandishwa kidogo kwa ajili ya Nairobi, na yule mzee akazisawazisha kabureta mbili kwa ule mpira wake hadi zikaimba sauti moja. Gharama yote haikufika hata bei ya kabureta moja kati ya zile tatu za Weber.

Lile kontena liliondoka bila gari. Jumamosi iliyofuata shangazi alikaa kiti cha mbele, wakaenda Limuru na kurudi.

Baada ya kabureta

Mwaka 1975 Nissan iliwapa Wamarekani 280Z, injini ya ukoo ule ule iliyopanuliwa hadi 2,753, ikiwa na mfumo wa Bosch uitwao L-Jetronic. Kibao kinachosukumwa na hewa kilipima hewa inayoingia, sanduku la elektroniki likaamua muda wa kufungua vinyunyizio sita. Ni wazo la Skinner la kuacha hewa isukume kitu kinachoipima, ila sasa jibu lilipita kwenye waya. Magari yaliyofuata yalipata vipimo vya shinikizo na vya moshi, yakaweza kupanda Timboroa na kushuka Mombasa bila mtu kugusa nati. Kwa gari jipya hakuna mjadala, kabureta imeshindwa kihalali.

Kwa gari la zamani mjadala upo, na kila mwaka unazidi kuwa wa dharura. Kabureta za SU bado zinatengenezwa Uingereza, lakini masikio yanayojua kuzisikiliza yanapungua. Yule mzee hana mwanafunzi. Kijana anayeingia gereji leo anafundishwa kuchomeka mashine ya kusoma makosa, na 240Z haina mahali pa kuchomeka. Ndiyo maana binamu na mimi tumeanza kuandika: vipimo vya bushi, namba ya sindano, mizunguko ya nati kwa Nairobi, kwa Naivasha, kwa Mombasa. Daftari hilo linakaa ndani ya gari, kwenye droo ya mbele, pamoja na kipande cha mpira.

Kama una injini ya silinda sita ya zamani na umeambiwa ubadilishe kabureta, fuata mpangilio huu kwanza. Tazama oili kwenye vikombe. Nyunyiza petroli kidogo sana kwenye fito na kwenye gasketi, injini ikiwa ya baridi na inanguruma, usikilize kama mwendo utabadilika, na uwe na kizima moto mkononi. Pima valvu na taiming. Sawazisha kabureta. Hapo ndipo utajua kama unahitaji mpya au unahitaji fundi mzee mwenye mpira.

Haya, nimesema mengi. Wiki ijayo narudi kwenye hifadhidata, naahidi. Kwaherini.